Kipande cha Pili cha Doti

Nyinyi mnaojua kuamua mambo ya wenzenu, sogeeni. Nina kesi hapa, na Kadhi mwenyewe amelala Ujerumani. Kadhi ni paka.

Alikuwa paka wa Mama Mwantumu wa Morogoro, Mungu amrehemu. Bintiye, Mwantumu, anaishi Hamburg. Msiba ulimkuta huko huko, na tangu hapo usingizi ukamhama. "Nileteeni Kadhi," alilia kwenye simu. "Nikimsikia anakoroma nitajua nyumbani bado kupo."

Watatu wakajitolea. Mbonea, daktari wa mifugo, alizijua sheria. Shomari, kaka wa Mwantumu, fundi seremala, alikuwa na mikono. Bi Hidaya, jirani na shoga wa marehemu, alikuwa na kanga begani. Msicheke, tutafika.

Shomari alianza kwa kujigamba. "Sindano ya kichaa cha mbwa keshachomwa. Bado tiketi tu."

"Ana chipu?" akauliza Mbonea.

"Chipu ya nini? Paka ni simu huyu?"

"Bila chipu ya utambulisho chini ya ngozi, sindano yako haihesabiki. Chipu kwanza, chanjo baadaye."

Wakaanza upya. Mbonea akaweka chipu, akachanja, akangoja, akatoa damu ikapimwe. Damu ya Kadhi ikaiona Ulaya kabla ya Kadhi. Bila Mbonea, paka angefika na kugeuzwa mlangoni.

Shomari akaunda kasha la safari. La kwanza alimpima Kadhi akiwa amejikunja usingizini.

"Mwanangu, hilo jeneza," alisema Bi Hidaya, kisha akatamani kulimeza neno lake. Shomari alikuwa kazini Geita mama yake alipofariki, hakuwahi mazishi.

Akaunda jingine, paka asimame, ageuke, ajinyooshe. Akaliweka sebuleni, mlango wazi, dagaa ndani, siku baada ya siku, hadi Kadhi akawa anaingia mwenyewe kulala. Bila Shomari, paka asingekubali kufungiwa.

Uwanja wa ndege, hata hivyo, si sebule. Kadhi aliposikia kelele zile alilia, akaparura, akajigonga kichwa.

"Akiendelea hivi hapandi," mhudumu akasema.

"Mpe ya usingizi, daktari!"

"Huko angani inaweza kumuua, Shomari."

Bi Hidaya akavua kanga begani. Marehemu alijifunika kanga hiyo siku zake za mwisho, na Bi Hidaya hakuwahi kuifua: bado ilinukia udi, mafuta ya nazi, na marehemu mwenyewe. Akaitandika ndani ya kasha. Kadhi akanusa, akazunguka, akalala. Bi Hidaya akarudi Morogoro mabega wazi.

Kesho yake Mwantumu akapiga simu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kulia. "Kadhi amenilalia kifuani. Na mimi nimelala! Sikilizeni: doti ile ina kipande cha pili, kiko kabatini kwa mama, nacho hakijafuliwa. Apewe aliyenifikishia Kadhi."

Watatu wakatazamana.

"Marehemu alinilisha kwake miaka yangu yote ya sekondari," akasema Mbonea. "Nani mwingine alinijali?"

"Mimi sikumzika," akasema Shomari.

"Changu nimempa paka," akasema Bi Hidaya.

"Basi tukikate," akasema Shomari.

"Wewe!" akamaka Bi Hidaya. "Doti ikishakatwa vipande viwili, imetosha. Ukikata tena unapata matambara."

"Tupokezane, basi," akasema Shomari.

Mbonea akatikisa kichwa. Kila atakayekifunua atakinusa, na kila atakayekinusa ataondoka na kidogo. Wa tatu atapokea kitambaa tu.

Kabati halijafunguliwa hadi leo. Shomari hupita karibu nalo akipunguza mwendo. Mbonea huja kumsalimia paka ambaye hayupo. Bi Hidaya hukaa kitandani kwa shoga yake, kaligeuzia kabati mgongo.

Na msiniambie habari za kuitisha kikao. Harufu haingoji akidi. Haya, semeni nyinyi: ule mlango wa kabati afungue nani?