Maji Ambayo Hayajazinduliwa

Sogeeni karibu, na mwenye kucheka asiwahi kucheka. Mwaka huo mvua ililikwepa Jimbo la Kaskazini kana kwamba liliikosea jambo. Mabwawa yakakauka, nyasi zikawa vumbi, na wanyama wakawa wanaamkia kulamba umande kwenye mawe.

Serikali ya Jimbo haikukaa kimya, hilo tuliseme wazi. Gavana Simba, aliyezipenda nywele zake za shingoni kuliko raia wake wote kwa pamoja, aliitisha mkutano akatangaza vipaumbele saba, na vyote saba vilikuwa vya kwanza. Maji ya kwanza, barabara ya kwanza, afya ya kwanza, na sanamu ya Gavana ikawa ya kwanza pia. Wakazi walipiga makofi mpaka kiu ikazidi. Kisha akateuliwa Fisi kuwa Waziri wa Maji. Msiniulize kwa nini, hata mimi nimechoka kuulizwa.

Lakini Fisi alichimba, tusimnyime haki yake. Chini ya Kilima cha Chumvi, siku ya kumi na mbili, maji yalibubujika, baridi na matamu. Akayaonja, akafumba macho, halafu akaanza kufikiri. Kisima kikikamilika, Gavana atakuja kukizindua. Kikizinduliwa, kila mwenye mdomo atakunywa. Basi akakifunika kwa bamba la jiwe na kusimamisha bango: MRADI WA MAJI. UMEFIKIA ASILIMIA TISINI NA TISA. NI MARUFUKU KUTUMIA MAJI KABLA YA UZINDUZI.

Hatua thelathini kutoka kwenye bango hilo alikuwa ameatamia Bi Mbuni. Alikuwa na mayai kumi na moja, na yalibaki majuma mawili yaanguliwe. Mumewe alikwenda kusini kutafuta maji na hakuwa amerudi. Mto wa karibu ulikuwa mwendo wa siku mbili. Akienda, jua litayachoma mayai, na yatakayopona jua hayatakosa wa kuyala. Asipokwenda, atakufa juu yake. Maskini, alikaa pale akilihesabu jua linavyopanda, ulimi umeganda kinywani.

Kila asubuhi Waziri alipita kukagua mradi. Alisukuma bamba, akazamisha kichwa, akakaa humo kitambo, akatoka.

"Mama, habari za kuatamia?"

"Za kiu, Mheshimiwa. Kisima kimefika wapi?"

"Tisini na tisa! Tunakwenda vizuri sana."

"Hata jana ulisema tisini na tisa."

"Huoni basi? Hatujarudi nyuma hata kidogo!"

"Na hicho kidevu mbona kinatona?"

"Jasho la utumishi, mama." Halafu Fisi aliyapitishia macho mayai, moja baada ya jingine, akameza mate. "Ukizidiwa, hama tu bila wasiwasi. Mayai haya serikali itayatunza."

Bi Mbuni alipandwa na hasira. Lakini alikuwa raia mwema wa Kaskazini, na bango alilisoma mwenyewe. Akainamisha shingo, akarudi kulihesabu jua.

Siku ya tano tangu bango lisimamishwe alipita Sungura, mguu mmoja huku, mwingine kule, kama kawaida yake. Alinusa hewa, akalizunguka bamba, akaja kwa Bi Mbuni.

"Dada, hapa pananukia maji."

"Ndiyo, yapo."

"Na wewe unakufa kwa kiu."

"Hayajazinduliwa, Bwana Sungura."

Sungura alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. "Loo! Maji yamekuwa bibi harusi, hayaonekani mpaka wageni wafike? Haya, nipe siku mbili. Utazivumilia?"

"Mbili nitazivumilia," akasema Bi Mbuni, na sauti ilimkatika. "Ya tatu sikuahidi."

Sungura alikwenda moja kwa moja kwa Gavana, akamkuta akichanwa nywele.

"Mheshimiwa, huko kusini Chui anawaambia watu kwamba Simba hana ubavu wa kumaliza hata kisima kimoja."

"Nani? Chui? Yule mwenye madoa?" Simba alinguruma, chanuo likaruka. "Kesho kutwa adhuhuri nazindua! Asilimia iliyobaki itanikuta hapo hapo!"

Siku ya uzinduzi ilipofika, asubuhi Sungura alimtafuta Fisi, akamnong'oneza, "Waziri, Gavana anakuja leo. Kuanzia adhuhuri ni foleni, na Ndovu yuko mbele yako."

Ebo! Fisi alikwenda kisimani mbio na kuanza kunywa. Alikunywa ya leo, akanywa ya kesho, akanywa ya juma zima. Bi Mbuni alimwona pale kisimani, makalio juu, kichwa chini, hadi kivuli kilipofupika. Alipotoka, tumbo lilikuwa limetangulia mbele, yeye akilifuata.

Adhuhuri wakazi walifika. Utepe ulifungwa, Simba akahutubia, na hotuba ilikuwa ndefu kuliko kiangazi chenyewe. Kisha Sungura akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mila ya visima vya huku tunaijua sote. Aliyechimba huonja wa kwanza mbele ya watu, ndipo sote tujue hakuna sumu."

"Naam!" wakaitikia wote. "Waziri aonje!"

Fisi akatabasamu kwa taabu. "Ningependa sana, ila leo nimefunga."

"Amefunga nini na tumbo lote hilo?" akauliza Ngiri.

"Anaogopa!" ukapaa mnong'ono. "Yana sumu!"

Wakaanza kurudi nyuma. Bi Mbuni, palepale alipoatamia, alihisi moyo unamdondoka, maana wakiondoka hawa, bamba linafungwa tena. Simba naye aliwaza jina lake, lililokwisha kuchongwa kwenye jiwe la uzinduzi, likisomwa kwenye kisima cha sumu, na Chui akipata habari.

"Kunywa!" akanguruma.

Ndovu akachota kata nzima. Fisi akabugia funda la kwanza. Akabugia la pili, macho yakamtoka. La tatu liligoma kushuka, na yaliyoshuka tangu asubuhi yakaamua kupanda. Jamani! Maji yalimtoka mdomoni na puani, masafi, mengi, yakatiririka mpaka miguuni pa Gavana, na wanyama waliokuwa wakilamba mawe miezi mitatu wakasimama wanayatazama yanavyozama mchangani.

Bi Mbuni ndiye aliyesema wa kwanza.

"Kumbe ile asilimia moja ilikuwa imekwama humo."

Fisi alifukuzwa uwaziri papo hapo, akakimbia huku akitona. Simba akakohoa, akaeleza kwamba yeye alijua siku nyingi na alikuwa akingoja ushahidi, na kwamba hayo ndiyo mafanikio ya kipaumbele cha kwanza. Akageuka ili akate utepe. Utepe haukuwepo. Bi Mbuni alikuwa ameshapita nao shingoni, kichwa kimo kisimani, anakunywa bila kuomba ruhusa ya mtu. Akanywa akashiba, akarudi mbio kabla mayai hayajapata moto wa jua, na nyuma yake wakazi wote wakamiminika kisimani. Gavana aliendelea kuhutubia vumbi.

Vifaranga kumi na mmoja walitoka salama. Na tangu hapo, waziri yeyote akisimama Kaskazini kusoma taarifa ya maendeleo, wakazi hawaangalii karatasi yake. Wanaangalia tumbo.