Chokaa Kwenye Michungwa

Mzee Shekalaghe wa Muheza alikuwa na shamba la michungwa, na usiku mmoja tawi lilikatika huko shambani, kraa, likaanguka na machungwa yake yote, wala hapakuwa na upepo. Mwantumu, mke wa mwanawe, alikuwa macho akinyonyesha. Alishtuka mpaka mtoto akalia.

Alfajiri akaenda kuangalia, mtoto mgongoni. Shina lilikuwa likichuruzika utomvu. Akabandua gome kwa kucha, na chini yake, pale panapopita chakula cha mti, pamekuwa kahawia, pamelainika, panatoa harufu ya uchachu. Ukungu. Uliingia pale panga la kupogolea lilipokata, ukatambaa chini ya gome ukila kimya kimya, na huku juu majani ni ya kijani, na kila apitaye anasema shamba hilo, mashallah! Mti wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa umezungukwa shina zima, umekabwa.

Akakimbia kumwambia baba mkwe. Mzee hakuuliza hata ni mti gani. Alikoroga chokaa. Chokaa! Akapaka mashina yote yakawa meupe pe, akasema mambo ya shamba lake yabaki shambani mwake.

Na panga je? Maana kule watu hupogoleana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na panga ni lilelile, halipitishwi hata kwenye moto. Asubuhi hiyo wapogoaji walikuwa wakitoka kwa mzee kwenda kwa mjane, Mama Kihiyo, ambaye wanawe wanakula kwa michungwa yake tu. Mzee alijua. Aliwanywesha chai, akawakabidhi panga kwa mkono wake, akawatakia kazi njema!

Mwantumu aliogopa, kwa sababu mwanamke anayemwaibisha baba mkwe hurudishwa kwao, na mtoto hubaki. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa Mama Kihiyo.

Jioni mzee alimngoja mlangoni.

"Wewe mtoto wa watu, umenivua nguo kwa Mama Kihiyo. Apa sasa hivi kwamba hutamwambia mtu mwingine, au uondoke, na mjukuu wangu umwache hapa."

Mwantumu akaikaza kanga iliyombeba mtoto.

"Naapa, baba. Kwa Mama Kihiyo nilianzia tu. Nimepita kila shamba, mpaka lile la mwisho kule mtoni, wote wenye michungwa wanajua. Sitamwambia mtu mwingine."