Waya wa Kifaa cha Karibu

Wapendwa, kulikuwa na madereva wawili wa malori, ndugu wa tumbo moja, waliofanya kazi kwa tajiri mmoja na kupita barabara moja ya mlimani. Walikuwa hawasemeshani. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa safarini, na kaka hakumsubiri, akazika. Mdogo alifika akakuta udongo umeshafukiwa. Tangu siku hiyo hata salamu ikafa.

Basi tajiri akaleta fundi, akafunga kwenye kila lori vifaa viwili vya kupeana habari hewani. Fundi akawaambia: "Hiki kinapitia minara ya simu. Kinafika mbali, ila mabondeni kinapotea. Hiki kingine kinaongea lori kwa lori, hakihitaji mnara, ila hakivuki kilomita moja. Msije mkasema kimoja kinatosha. Kimoja kikikwama, mwenzake anapokea."

Kile cha karibu kilikuwa na tabia yake: lori lingine la tajiri likikaribia, kinatamka namba yake. Na namba iliyotamkwa zaidi kwa kaka ilikuwa ya mdogo wake. Kila ikitajwa moyo unamuuma, maana alijua alikosea pale makaburini, na kuomba radhi hakuweza. Siku ya tatu akachomoa waya. "Cha mbali kinatosha," akajisemea. "Wa karibu nina macho ya kuwaona."

Hivi hamna mtu ambaye jina lake likitajwa tu mnatoka sebuleni? Haya, nyamazeni, tuendelee.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mlimani, mzito kama uji. Kaka anateremka na shehena ya saruji. Kifaa cha mbali kimekosa mtandao. Cha karibu kilishachomolewa. Akakata kona, taa zikamulika matawi mabichi katikati ya barabara. Mnaosafiri mnajua: ukiona tawi, mbele kuna gari limekwama. Akarudisha gia, akaanza kukanyaga breki kidogo kidogo. Tawi la pili. La tatu. Lori liliposimama, mbele yake palikuwa na mtu amevua shati, analipunga, anahema. Alikuwa mdogo wake.

Lori la mdogo lilikuwa limekatika ekseli na kuziba njia nzima, nusu kilomita chini, korongo pembeni.

"Umepanda mlima wote huu kwa miguu?" kaka akauliza.

"Nilijua anayenifuata ni wewe."

"Si kile kifaa kingenipigia kelele?"

"Kisingepiga, kaka. Umekichomoa."

"Nani kakwambia?"

Mdogo akainamisha kichwa. "Mimi changu nilikichomoa wiki ileile kilipofungwa, nikajua na wewe hukukivumilia."

Kaka alishuka, akavua koti lake, akamvika. Akamfunga vifungo kimoja kimoja. "Nilipaswa kukusubiri, mdogo wangu," akasema. "Siku ile nilipaswa kukusubiri." Wakalia wote wawili pale barabarani, watu wazima na ndevu zao.

Wapendwa, sisi nasi tumefungwa vifaa viwili. Tuna maombi, yanafika mbali kuliko mnara wowote. Tuna mdomo pia, wa kumwambia mtu wa karibu, "Nilikukosea." Na sisi tunafanyaje? Tunachomoa hicho cha pili, tunasema, "Namwombea, inatosha." Unamwombea mtu ambaye mnachota maji bomba moja? Mungu hakutupa vyote viwili ili tuchague kile kisichouma.

Yule mdogo alikuwa na miguu, akapanda. Si kila siku atakuwepo wa kukupandia mlima. Kwa hiyo leo sitawaombea kwanza. Nitakaa chini, muinuke ninyi. Huyo mtu uliyemkosea yumo humu ndani, na unajua amekaa benchi la ngapi.