Ukwato wa Ruksa

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huikumbuka methali hii kuku anapochinjwa kwa ajili ya mgeni, na watoto wa nyumbani nao wakapata mchuzi ambao bila mgeni wasingeuonja. Hiyo ni maana yake ya jikoni. Iko maana nyingine yenye uchungu. Kuna kidonda mwenyeji hukaa nacho miaka, watu wanakiona na hakuna anayeinua mkono, mpaka siku mgeni naye anapojeruhiwa palepale ndipo dawa inapotafutwa. Maana hiyo ndiyo iliyomkuta Milembe wa Mwalushoma.

Mwalushoma kilikuwa kijiji kando ya barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi, mahali udongo mweusi wa mbuga unapopakana na mchanga. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na neno lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja tu. Mitumba ruksa. Redio za Japani ruksa. Kila mwenye chake auze ruksa. Milembe, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume aitwaye Athanasi, naye hakubaki nyuma. Ng'ombe wake alipozaa ndama dume mwekundu, akamwita Ruksa.

Ruksa alikua akawa maksai mwenye shingo kama gogo. Alilima shamba la Milembe, akalima na la majirani. Siku moja plau iliteleza ikamkata ukwato wa mguu wa mbele wa kushoto. Milembe alikaa naye zizini wiki tatu, akiosha jeraha kwa maji ya chumvi na kumsemesha kama mgonjwa wa hospitali. Jeraha lilipona, lakini ukwato ulipinda kwa ndani kama mwezi mchanga. Tangu hapo kila alipokanyaga, aliacha alama ambayo hakuna ng'ombe mwingine aliyeweza kuiacha.

Kisha Ruksa akaibwa.

Milembe alikwenda kituo cha polisi kwa miguu. Akaambiwa gari halina mafuta. Kama anataka askari waende, alete dizeli, na karatasi ya kuandikia maelezo alete pia. Akarudi kijijini kwa katibu wa sungusungu, Januarius. Huyu alikuwa mtu wa heshima: mzee wa kanisa, mnunuzi wa pamba mwenye mizani yake mwenyewe, na daftari la ulinzi wa kijiji halikutoka kwapani mwake. Januarius aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, akala kuku aliyechinjiwa, akafuta midomo na kusema, "Mama, tumwachie Mungu."

Mungu aliachiwa. Milembe akashika jembe la mkono. Mwenye maksai hulima. Asiye naye hulimwa. Mwaka wa kwanza mgongo wake ulipinda, mwaka wa pili ukazoea kupinda.

Katika mwaka huo wa pili, mwanzoni mwa mvua, wageni wawili walifika Mwalushoma na gari lililokuwa likilalia upande mmoja kama mbuzi mgonjwa. Walikuwa Wadenmark, mume na mke. Mke, Karen, aliwahi kufundisha Iringa zamani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea lakini kinafika. Walikodi Landrover hiyo Nairobi, wakaendesha wenyewe wakizunguka ziwa, na sasa walikuwa wanaelekea Serengeti kwa lango la Ndabaka. Springi ilikatika mbele ya nyumba ya Milembe.

Fundi Marcelo alitoka Bariadi na baiskeli, akalala chini ya gari, akatoka na uso mweusi. "Springi ya namna hii inatoka Mwanza. Siku tatu, nne. Nitawapachika kipande cha mti, mtajongea jongea tu, lakini msifike mbali."

"Basi mtakaa kwangu," alisema Milembe. "Nyumba ndogo, lakini haibani mtu."

Mwenye gari kule Nairobi alikuwa amewaonya wageni hao sana. Magari ya aina ile yalikuwa yanaibwa kama mayai: leo liko Nairobi, wiki ijayo lina rangi nyingine na namba nyingine katika nchi nyingine. Msilale porini. Msimbebe msiyemjua. Msimpe mtu ufunguo. Walishika yote hayo. Jambo ambalo hawakuambiwa ni kwamba mwizi huweza kuja mchana kweupe, amevaa shati lililopigwa pasi, ana daftari kwapani, na anatangulia kusalimu.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu Januarius kwa Kisukuma akiingia uani.

"Mwangaluka, katibu," Milembe alijibu bila kuacha kupepeta karanga.

Januarius aliwageukia wageni kwa tabasamu pana. "Karibuni sana. Hapa kwetu hakuna wizi. Mimi ndiye ulinzi. Lakini gari liko juani, matairi yataharibika. Nipeni ufunguo nilisogeze kivulini, nimewahi kuendesha lori la ushirika."

Mume wa Karen alisita. Karen akamwambia kwa lugha yao, na ilionekana wazi anasema huyu ni mkubwa wa hapa. Ufunguo ukatoka. Januarius alilisogeza gari hatua ishirini, akakaa ndani muda mrefu kuliko hatua ishirini zinavyohitaji, kisha akarudisha ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayekabidhi sadaka.

Jioni hiyo, baada ya kula michembe ya viazi vikavu na karanga, Milembe alimtazama Karen na kusema, "Kitendawili!"

Karen alicheka. Hilo alilikumbuka tangu Iringa. "Tega!"

"Nina mwandishi wangu, hakusoma shule, lakini kila nipitapo huandika jina langu."

Karen alifikiri. Alisema kalamu. Akasema upepo. Athanasi, ambaye alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne mwenye kucheka kwa mabega, alimwambia, "Mama Karen, toa mji tu, huyu mama yangu hashindwi."

"Haya, nakupa Kopenhageni."

Milembe alifumba macho. "Nimekwenda Kopenhageni. Nimekuta baridi, watu hawasalimiani, nimerudi. Mji huo sichukui. Utafute jibu mwenyewe kabla hujaondoka."

Siku mbili baadaye kulipokucha, gari halikuwapo.

Milembe alipiga yowe la wizi, mwano, na kijiji kizima kikatoka na marungu. Mvua ya jioni iliyopita ilikuwa imelainisha ardhi, na alama za matairi zilionekana wazi zikitoka uani. Zilikwenda hatua hamsini hivi, hazijavuka mpaka wa kaya ya Milembe. Hapo kundi la ng'ombe lilikuwa limepita juu yake na kukoroga tope lote kama uji. Alama ya tairi haikuonekana tena.

Januarius alikuwa wa kwanza kufika, na daftari lake. Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Nyayo zimekatika, jamani. Hili si jambo la kawaida. Gari hili limekwenda Gamboshi."

Watu walinong'ona. Gamboshi husemwa kuwa mji wa wachawi, na kila kilichopotea bila maelezo husemwa kimekwenda huko.

"Mchawi hatumii dizeli," alisema Milembe.

"Basi kama si uchawi," Januarius alisema taratibu, "mnaijua desturi. Nyayo zikiishia kwenye kaya ya mtu, wenye kaya ndio watakaojibu. Na aliyelala karibu na gari ni Athanasi."

Mume wa Karen alikuwa amekwishapanda lori la kwanza kwenda kutoa taarifa. Saa nne haijafika, alirudi na polisi. Magari mawili! Yamejaa mafuta! Na sajini mwenye karatasi nyeupe bunda zima! Milembe aliyatazama magari yale, akahisi kitu kinampanda kifuani kama maziwa yanayochemka.

Sajini alisikiliza maelezo ya katibu, akafunga pingu mikononi mwa Athanasi. "Kesho asubuhi anapelekwa Shinyanga. Huko atakumbuka alipoliweka."

"Baba, huyu mtoto hajui hata kuwasha gari!" Milembe alilia.

"Mama, usitupotezee muda. Hawa ni wageni wa nchi."

"Na mimi ni mgeni wa nani?"

Athanasi alipakiwa nyuma ya gari na kukalishwa sakafuni. Milembe hakulia tena. Aliinua kanga, akaenda mpaka pale matairi yalipokatika, akapiga magoti topeni. Aliijua desturi kuliko katibu: anayetuhumiwa ana haki ya kuzitoa nyayo katika kaya yake, aonyeshe zilikoelekea, na hakuna wa kumzuia. Karen alikuja akapiga magoti kando yake, ingawa hakujua wanatafuta nini.

Kwato, kwato, kwato. Ng'ombe thelathini au zaidi. Milembe alipitisha kidole juu ya tope, pole pole, kama mtu anayesoma Biblia kwa mwanga hafifu. Mara kidole kikasimama.

Mguu wa mbele wa kushoto. Umepinda kwa ndani, kama mwezi mchanga.

Milembe aliuliza bila kugeuka, "Ng'ombe waliopita hapa ni wa nani?"

Mzee Salu, jirani yake, alisema kundi lake bado liko zizini. Wengine wakasema hivyo hivyo.

"Ng'ombe hupita, mama," alisema Januarius. "Tangu lini mwanamke akafuata nyayo? Nenda kamwandalie mwanao nguo za safari."

"Nyayo hizi ninazifahamu," Milembe alisema akisimama. "Niliziosha kwa chumvi wiki tatu. Ruksa wangu amepita hapa leo! Na aliyemswaga juu ya matairi ndiye aliyeyaficha matairi."

Karen alimtazama yule mama, akatazama tope, uso wake ukafunguka. "Unyayo," alisema. "Mwandishi wako. Ni unyayo!"

"Umepata," alisema Milembe. "Twende tukasome."

Wakatembea. Mbele Milembe, nyuma yake Karen na mumewe, kisha Salu na nusu ya kijiji, na nyuma kabisa magari mawili ya polisi yakinguruma kwa aibu, maana sajini hakuweza kubaki nyuma huku wageni wanakwenda. Januarius alisema ana mizani ya kufungua, lakini Salu alimshika mkono. "Katibu, wewe ndiye ulinzi. Twende ukaandike."

Nyayo ziliacha barabara, zikavuka mto mkavu, zikaingia mbugani. Kila watu walipozipoteza, Milembe alizunguka mara moja, akainama, akaonyesha mwezi wake mchanga. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu walifika kwenye ua mrefu wa minyaa. Kila mtu alijua shamba lile ni la nani. Watu wote waligeuka kumtazama Januarius, na Januarius akatazama viatu vyake.

Ndani ya ua kulikuwa na zizi na ghala la pamba. Mlango wa ghala ulipofunguliwa, mlima wa pamba nyeupe ulisimama mpaka darini, mzuri kama mawingu. Lakini katika mlima ule kioo cha pembeni cha gari kilikuwa kimechomoza, kinang'aa kama jicho la mnyama aliyejificha vibaya. Watu walifukua kwa mikono. Landrover ikatoka na pamba masikioni. Kwenye kibanda cha mlinzi sajini alikuta kipande cha sabuni ya mche chenye alama ya ufunguo, na ufunguo mpya uliochongwa kwa kuifuata.

Mchungaji wa pale hakusubiri kuulizwa. "Mimi niliambiwa tu niwapeleke ng'ombe kijijini kwa njia ya mtoni, kisha niwarudishe kwa kufuata gari. Nikafungua zizi zima. Sikuambiwa nichague."

Milembe hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Masikio ya maksai yule mwekundu yalikuwa yamekatwa alama mpya, mkia wake umepunguzwa, hata pembe zilichomwa ncha. Watu wa kawaida wasingemjua. "Ruksa," aliita kwa sauti ndogo. Maksai akainua kichwa, akaja akichechemea, akaweka pua begani pake.

Hapo ndipo hasira yake ilipotoka yote.

"Uliandika jina lake kwenye daftari lako!" alimwambia Januarius, ambaye sasa pingu za Athanasi zilikuwa mikononi mwake. "Ukala kuku wangu huku maksai wangu anakula majani yako! Ukanifundisha kumwachia Mungu! Nawe, baba sajini. Siku ya Ruksa ulinitaka dizeli. Ukanitaka na karatasi. Ningelia mpaka nikauke, magari haya yasingetoka. Leo limeibwa gari la mgeni, yametoka mawili. Kumbe mafuta yalikuwapo? Au ng'ombe wa mjane hana mwenyewe?"

Sajini alivua kofia, akaivaa tena.

Athanasi alishuka garini akisugua vifundo vya mikono. "Mama, mimi je? Hata kunisalimu, unamkumbatia ng'ombe kwanza?"

"Wewe nilikuzaa na miguu mizima," alisema Milembe huku machozi yakimtoka. "Njoo hapa."

Springi ilifika kutoka Mwanza kesho yake. Wageni walipokuwa wanaondoka, Karen alisimama mlangoni, hajui ashukuru au aombe radhi. "Mama Milembe, tumekuletea matatizo."

Milembe alitazama shambani. Athanasi alikuwa ameshika plau, na mbele yake maksai mwekundu anachechemea, anaandika jina lake kwenye udongo mbichi, mstari baada ya mstari.

"Mmeniletea matatizo, ni kweli," alisema. "Lakini matatizo yangu mimi yalikuwa hapa miaka miwili, na hakuna aliyeyaona mpaka yalipowapata ninyi. Hilo si kosa lenu, mwanangu. Aibu yake ni yetu. Nendeni salama, na ufunguo msimpe mtu, hata akiwa na daftari. Mkipita tena, njooni. Kwetu sisi ilikuwa mgeni njoo, mwenyeji apone."