Kupumua kwa Shaba

Nani kati yenu ana masikio? Siulizi hayo ya kuning'inizia hereni. Nauliza yale yanayosikia. Haya, yategeni.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana kompyuta zilikuwepo na kiburi kilikuwepo, Nakijwa wa Sinza, mtengeneza muziki wa kompyuta, alifunga safari mpaka kisiwa cha Bali kujifunza gamelani. Gamelani ni ukoo mzima wa vyombo vya shaba, mabamba na matasa ya kugonga, vinavyopigwa na watu wengi kwa pamoja, na hakuna anayejitia staa.

Wiki ya kwanza alirekodi kila bamba. Alipovaa hedifoni, akakunja uso. Mabamba yalikuwa mawili mawili, kila moja na mwenzake, na hakuna jozi iliyolingana. Hili liko chini kidogo, lile liko juu kidogo.

"Masikini," alijisemea, "hawana vipimo."

Basi akafanya alichosomea. Akazinyoosha sauti zote kwa kompyuta mpaka zikalingana, kisha akafuta zile za awali apate nafasi. Hakumwambia mtu. Alidhani amewafanyia hisani.

Ndipo mwalimu wake, Pak Nyoman Rata (hilo "Pak" ni kama sisi tunavyosema "mzee"), alimketisha mbele ya bamba moja, yeye akashika la pili. Wakagonga pamoja. Sauti ikatetemeka hewani kama maji yaliyoguswa.

"Lako linatoa pumzi," alisema mzee. "Langu linavuta. Yakilingana, shaba imekufa."

"Imekufa kabisa, Pak?"

"Wewe ukiacha kupumua, unakufa nusu?"

Nakijwa akacheka. Kisha akakumbuka alichofuta, kicheko kikamkauka. Lakini hakusema.

Alibaki, akajifunza, akarudi Sinza na kazi yake ikageuka. Nyimbo zake za mwanzo zilinyooka kama sare ya siku ya kufungua shule. Sasa kila sauti aliipa mwenzake, akaisogeza kidogo tu, kwa sikio, si kwa kipimo, akiutafuta mtetemo ule. Kwa sauti zile za mabamba akatunga kipande kimoja ambacho watu walikisikiliza wakanyamaza, na Sinza si mtaa wa kunyamaza.

Kisha radi ikapiga ukumbi wa gamelani kule kijijini. Paa la nyasi likawaka. Mabamba yakapinda na kupasuka, na vipande vya mianzi vilivyotunza vipimo vya sauti zake vikawa majivu. Na gamelani kila moja ina sauti yake, huwezi kuazima ya jirani. Wakati huo mke wa Pak Nyoman alikuwa amelala kaburi la muda, akingoja siku ya kuchomwa kwa heshima kama desturi yao ilivyo.

"Aliishi na sauti ile," alisema mzee. "Simsindikizi kwa sauti ngeni."

Pande Suteja, mfua shaba, akaiyeyusha shaba ile ile na kufua mabamba upya. Lakini ayalinganishe na nini? Akampigia Nakijwa simu.

"Dada, mzee anaweza kutuimbia sauti moja. Ya pili nani aimbe? Ana koo moja. Zile rekodi unazo?"

"Ninazo," alisema Nakijwa.

Hakuwa nazo. Alikuwa na kipande chake. Akazichomoa humo zile sauti mbili mbili, akapanda ndege, akazikabidhi kana kwamba ndizo. Pande akapiga tupa, akasikiliza, akapiga tupa, akasikiliza, mpaka vidole vikavimba. Siku walipogonga, hewa ikatetemeka, na Pak Nyoman akalia.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo hii."

Sasa, kijiji kile kina desturi. Aliyeirudisha sauti ndiye anayepiga upatu mkuu mara ya kwanza, na jina lake hutajwa kila vyombo vinapofanyiwa sadaka, hata akishakufa. Ketut Sasih, mama msimamizi wa ukumbi, akainua kirungu cha kuupigia.

"Haya. Nani?"

"Mimi," alisema Pande, ambaye hajui kuzungusha maneno. "Sauti ilikuwa kwenye mashine. Nani aliitia kwenye shaba? Mimi."

"Na huyu binti alikuja hapa kiziwi mwenye hedifoni," alisema Pak Nyoman. "Nani alimpa sikio? Mimi. Na anayesindikizwa ni mke wangu."

"Msiba haukupi zamu, Pak."

"Na tupa ndiyo inakupa?"

"Mpeni mgeni!" watu wakapaza sauti. "Bila yeye tungesindikiza kwa masufuria!"

Ketut Sasih akamnyooshea Nakijwa kirungu. Angeweza kukipokea. Wapo wengi wenye shahada zao ambao wangekipokea, na hotuba wangetoa. Mkono wake ulifika nusu ya njia, ukashuka.

"Rekodi sikuwa nazo," alisema. "Nilizinyoosha wiki ile ya kwanza, nikafuta za kweli. Nilidhani nyinyi ndio mliokosea. Hizi nimezitafuta kwa kumbukumbu tu. Pak alizitambua, labda nimebahatika."

Pande akaitazama mikono yake. Watu wote wakamgeukia mzee.

"Hukubahatika," alisema Pak Nyoman polepole. "Umekaribia, lakini siyo yenyewe. Nilijua tangu mlio wa kwanza. Nilisema ndiyo kwa sababu mke wangu amengoja vya kutosha."

Haya, wenye masikio. Kirungu kingali mkononi mwa Ketut Sasih, na marehemu hawezi kwenda bila upatu kulia. Yupo aliyeiua sauti kisha akakesha kuitafuta. Yupo aliyeijua kuliko wote akaitolea ushahidi wa uongo. Na yupo aliyefua kwa uaminifu sauti aliyodanganywa kuwa ndiyo. Je, nani alistahili kuupiga?