Pupa na Mkia wa Nyati

Sogeeni karibu, wanangu. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakikaa majumbani na kugombania zamu za kufagia, Nyati, Ngiri na Nguchiro waliishi katika ua mmoja. Nyati ndiye aliyekuwa mkubwa wa ua. Ngiri alikubali kila alichosema Nyati. Nguchiro, mdogo kuliko wote, alikuwa akimlea mtoto wa mbwa aitwaye Pupa, ambaye mama yake alikuwa amefariki.

Pupa alipoanza kubadilisha meno, ua mzima ulikosa raha. Alitafuna mwiko. Alitafuna mkeka mpaka ukabaki nusu. Nguchiro akifagia, Pupa yuko kwenye ufagio. Akipika, Pupa ananing'inia kwenye pindo la kanga, akivuta kwa nguvu zake zote. Anamtoa, anarudi. Anamtoa, anarudi. Ikafika siku Nguchiro akakaa chini kando ya jiko, maharage yanaungua, akamwambia, "Pupa, leo umenichosha hata sina la kusema."

Pupa akamng'ata kidole.

Nguchiro akamfungua kinywa ili akitoe kidole, ndipo akaona fizi zimevimba, nyekundu, zinatoka damu kidogo. Hasira ikampungua. Akaenda kuwaeleza wenzake kwamba mtoto anaumwa na meno, wamvumilie.

Hawakutaka kusikia. Ngiri alisema hata yeye aliota meno, tena makubwa kuliko hayo, wala hakumsumbua mtu. Nyati naye alikuwa ametoka kung'atwa mkia. Alikuwa ameuzunguka ua mzima akipiga kelele na kurusha mateke, huku Pupa akimfuata kwa furaha, akidhani ni mchezo.

"Kesho asubuhi," Nyati akasema, "huyo anatoka hapa aende msituni."

"Chui atamla," Nguchiro akasema.

"Hayo ni yake na Chui."

Nguchiro alirudi jikoni, akakwangua sufuria iliyoungua, akafikiri. Kuna jambo alikuwa ameliona: Pupa hakuwauma wote sawasawa. Anayeruka na kupiga kelele ndiye aliyerudiwa kila mara.

Jioni, wakati wa kula, akawaambia, kama mtu anayepiga soga tu, kwamba kule kisimani wanyama wanasema mtoto wa mbwa humtambua mwoga. Akimng'ata mwoga, mwoga huruka na kulia, naye humrudia. Akimng'ata shujaa, shujaa husimama kimya kama gogo, wala hamtazami, na mbwa humwacha.

"Nani anasema hivyo?" Nyati akauliza.

"Wengi. Mimi nimewaambia wewe si mwoga. Lakini zile kelele za leo walizisikia."

Nyati akaacha kutafuna. Kisha akatangaza kwamba Pupa haendi popote mpaka ijulikane mwoga ni nani.

Kulipokucha, Pupa akaurukia mkia wa Nyati. Nyati akasimama. Machozi yakamlengalenga, lakini hakutikisika. Pupa akavuta, akanguruma, grrr, akangoja mchezo uanze. Haukuanza. Akauachia mkia, akabaki ameduwaa. Papo hapo Nguchiro akamtupia kipande cha kamba nene alichokuwa amekifunga mafundo na kukilaza ndani ya mtungi wa maji. Kamba ilikuwa baridi. Pupa akaitafuna, kwacha, kwacha, fizi zikapoa, akalala hapo hapo.

"Umeona?" Nyati akamwambia Ngiri.

Ngiri naye hakutaka kupitwa. Tangu hapo wakawa wanashindana kunyamaza, na Nguchiro hakukosa kamba nyingine mtungini. Si kila siku ilikuwa nzuri. Pupa alipokimaliza kiatu cha Ngiri chote, Ngiri alisimama kimya kama gogo, halafu akaingia ndani akalia peke yake. Lakini kung'ata kulizidi kupungua, meno ya utotoni yakang'oka, na mapya yakatoka.

Basi Ngiri akaenda kisimani kujisifu. Hakuna aliyemwelewa. Hakuna aliyewahi kusikia habari ya mbwa na mwoga. Akarudi mbio kumwambia Nyati, na wote wawili wakaja wakajaa mlangoni kwa Nguchiro.

"Ulitudanganya," Nyati akasema.

"Niliwadanganya," Nguchiro akajibu. "Niliwaomba kwa ukweli, mkakataa."

Nyati akahema kwa nguvu. Akamtazama Pupa aliyelala kivulini, tumbo juu, asiyemsumbua mtu.

"Kwa hiyo kule kisimani hawajui nilivyovumilia?"

"Hawajui hata kidogo."

"Basi chukua ndoo," Nyati akasema, "uende ukawaambie."

Nguchiro akachukua ndoo, akaenda. Nami naishia hapo, wanangu, ila mkumbuke hili: mtoto anayeuma kwa sababu anaumia hatulizwi kwa kelele.