Pimbi na Kilemba cha Fundi Kiboko

Jamani, ngano!
Ngano na ije!
Ije na nini?
Ije na uongo wake, utamu tutautia wenyewe!

Haya. Na wewe uliyejibu kwa sauti ya mgonjwa, amka au nenda kaoshe vyombo. Ngano yangu haipigiwi miayo.

Alikuwepo Pimbi. Mnamjua: mdogo, mkia hana, kutwa yuko juu ya jiwe. Asubuhi anaota jua. Mchana anaota jua. Jioni jua likizama, ananuna kama aliyenyang'anywa chakula. Mama yake akachoka naye.

"Mwanangu, kuota jua si kazi," akamwambia. "Wenzako wote wana kitu cha kufanya kwa mikono yao. Nenda katafute fundi akufundishe. Mimi nazeeka, na maji bado nachota kwa kifuu."

Hilo neno la kifuu lilimchoma Pimbi. Akashuka jiweni, akaenda kutafuta fundi.

Akaenda kwa Kigogota, seremala. "Hodi, Fundi. Nataka kujifunza kazi."

"Karibu. Sisi hapa tunatoboa mbao kwa kichwa. Fanya kama mimi."

Ngo ngo ngo, akapiga Kigogota. Ngo, akapiga Pimbi, na hakuipiga ya pili. Aliona nyota mchana kweupe. "Ahsante, Fundi," akasema akijishika paji la uso. "Useremala ni kazi nzuri, ila si ya kichwa changu."

Akaenda kwa Mnana, msusi. "Hodi, Fundi. Nataka kujifunza kazi."

"Karibu. Sisi hapa tunasuka tukining'inia, miguu juu, kichwa chini. Fanya kama mimi."

Pimbi akaning'inia. Puu, huyo chini. "Ahsante, Fundi. Ususi ni kazi nzuri, ila si ya miguu yangu."

Akaenda mtoni kwa Kiboko, mfinyanzi. Nchi nzima ilipikia vyungu vya Kiboko, maana mfinyanzi mwingine hakuwepo. "Hodi, Fundi. Shikamoo. Nataka kujifunza kazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Sisi hapa tunakanyaga udongo. Fanya kama mimi."

Pwata pwata, pwata pwata. Tope likampanda Pimbi mpaka kifuani, lakini lilikuwa vuguvugu. Na kando ya tanuri palikuwa na joto zuri kuliko hata lile jiwe lake. Nisiwafiche, aliipenda kazi kwa uvivu kwanza. Lakini siku alipoona chungu kimesimama chenyewe kimetoka kwenye vidole vyake, kina tumbo, kina mdomo, alicheka peke yake kama mwehu. Kuanzia hapo kazi ikamwingia mwilini.

Sasa sikilizeni desturi ya huko. Mwanafunzi akishaiva, humpelekea fundi wake kilemba. Fundi akikipokea, husimama mbele ya watu akasema, "Nimekula kilemba." Si kukitafuna, jamani. Ni kama tunavyosema mtu amekula mahari. Akishatamka hivyo, mwanafunzi yuko huru, afungue karakana yake. Asipotamka, hata mfuniko wa chungu hauzi. Yeye na atakayeununua wataambiwa wote wawili ni wezi.

Kiboko aliijua desturi hiyo, akaifanya mtego. Alipokea wanafunzi, wala hakumwachia hata mmoja. Mwulizeni Kobe. Kobe alifika pale kijana anayeringa, akapeleka kilemba, kikakataliwa. Akapeleka tena, kikakataliwa. Sasa mgongo wake umeota ukungu, wajukuu zake wanamwamkia, na bado anaitwa mwanafunzi, anakanyaga udongo, pwata, anapumzika, pwata.

Pimbi alipoiva, alipeleka kilemba cha kitambaa cheupe. Kiboko akakizungusha kichwani, akakivua. "Kinanibana. Kakanyage udongo."

Akapeleka kikubwa zaidi. "Kinanipwaya. Kakanyage udongo."

Akapeleka chekundu. "Kinaniwasha. Kakanyage udongo."

Siku hiyo Pimbi alikaa nyuma ya tanuri akalia. Akilini alimwona mama yake na kifuu chake, akajiona na yeye ana ukungu mgongoni. Kobe akamkalia karibu.

"Utazoea," Kobe akamwambia. "Mimi nilizoea."

"Sitaki kuzoea, mzee wangu."

Wakiwa pale, likaletwa kapu la majani mabichi ambalo mama yake Pimbi alimtumia mwanawe. Kiboko akalidaka njiani. Akala majani. Akala na kapu. Akalamba na kamba ya kapu, kisha akauliza kama kuna jingine. Pimbi akamtazama mpaka machozi yakamkauka.

"Mzee Kobe," akasema, "umeona? Kichwa cha huyu bwana kinakataa kila kitu. Mdomo wake haujawahi kukataa kitu."

Siku ya gulio ikafika. Siku hizo Kiboko hushinda juani anauza vyungu, na hawezi kwenda kula, maana hamwamini mtu na vyungu vyake. Kufika mchana, tumbo lake likawa linanguruma, ngrrr, wateja wanadhani mvua inakuja. Hapo ndipo Pimbi alipojitokeza, amebeba kilemba cha kijani. Alikuwa amekisuka kwa ukoka, ukoka mbichi wa ukingoni mwa mto, bado una umande.

"Fundi wangu," akasema kwa sauti ya kusikika gulio zima, "vitambaa vimeshindwa na kichwa chako. Kichwa kama hiki hakivishwi kitambaa. Tazameni wenyewe kilivyo cha duara. Tazameni masikio yalivyokaa mahali pake. Na shingo hiyo! Twiga anaitamani."

Shingo ya Kiboko, ninyi mmewahi kuiona? Basi. Lakini Kiboko mwenyewe aliinyoosha.

"Sema tena hapo kwenye shingo," akasema. Pimbi akasema tena, huku anamzungushia ukoka kichwani, mzunguko juu ya mzunguko. Kiboko akawaza: nitakivaa watu wanione, jioni nitasema kinanichoma. Akakaa ametulia, amependeza kwa macho yake mwenyewe.

Ncha ya kilemba ikaachwa inaning'inia mbele ya pua. Upepo ukija, harufu inaingia. Upepo ukiondoka, harufu inabaki.

"Hii ncha ni ndefu kidogo," Kiboko akasema. "Naipunguza." Nyofu.

"Sasa huku kumezidi huku. Nasawazisha." Nyofu.

Baada ya hapo hakusawazisha tena. Kwachu kwachu, kwachu kwachu, macho ameyafumba, masikio yanacheza. Bi Kanga, ambaye hapitwi na jambo, akasogea na kapu lake.

"Fundi, mbona unatafuna? Unakula nini?"

"Nakula kilemba," akajibu Kiboko, mdomo umejaa.

Gulio zima likageuka kumtazama. "Unakula nini?" akauliza tena Bi Kanga.

Kiboko akameza fundo la mwisho. "We Kanga una masikio kweli? Nimekula kilemba."

Wee, vigelegele vilivyopigwa hapo! Bi Kanga alipiga mpaka akaangusha kapu. Pimbi akainama, akamshika fundi wake mguu kwa adabu zote, akasema, "Ahsante, Fundi. Kwaheri ya kuonana."

Kiboko akafumbua macho. "Ngojeni. Mimi nimekula kwa mdomo tu!"

"Kwani kilemba huliwa kwa wapi?" wakamwuliza.

Pimbi akafungua karakana yake chini ya jiwe lake, na mtungi wa kwanza, hata haujapoa vizuri, akampelekea mama yake. Mama aliukumbatia akalia, akamwambia umepinda kidogo.

Gulio lililofuata, Kobe naye akaja polepole na kilemba cha ukoka. Kiboko alimwona toka mbali. Alijua kabisa. Akageuza uso, akabana pua, akasema safari hii hadanganyiki. Kobe akasimama mbele yake, akamsogezea ncha ya kilemba puani. Na Kiboko akala.

Haya, mafunzo, maana najua mama zenu watawauliza. Vijana, mheshimuni fundi wenu, msimdanganye, na subirini kwa adabu mpaka aone mwenyewe kuwa mmeiva, kama Kobe alivyosubiri akapata ukungu wake. Na kusifia watu uongo ni tabia mbaya sana. Pimbi alikuwa na tabia hiyo, na mpaka leo anajuta, ila wateja hawampi nafasi ya kujuta vizuri.

Ngano yangu imefika ukingoni, haivuki. Iliyowakolea, ibebeni. Isiyowakolea, niachieni hapo hapo, nitaipasha moto niwape wengine.